Anayeoa, Anayeolewa na Rafiki wa Tatu: Lugha ya Urafiki na Ndoa katika Filamu ya Sangam



Mihadhara ya taaluma za Kiswahili kwa kawaida huanzia kwenye tenzi, riwaya au kamusi. Mhadhara huu unaanzia kwenye filamu ya Kihindi. Sangam, iliyoongozwa na Raj Kapoor na kutolewa nchini India mwaka 1964, ni kisa cha marafiki wawili wa kiume wanaompenda mwanamke mmoja, na cha ndoa inayokosa raha kwa sababu ya urafiki huo. Huenda msikilizaji akauliza kisa hicho kinahusiana vipi na isimu ya Kiswahili. Jibu linapatikana nje ya milango ya sinema. Kwa miongo mingi filamu za Kihindi zilitazamwa Unguja, Mombasa, Lamu na Dar es Salaam bila tafsiri ya Kiswahili, kisha zikasimuliwa upya barazani na jikoni kwa Kiswahili. Kila aliyetoka sinema akaenda kumhadithia mwenziwe alilazimika kuyatia mambo ya wahusika katika vitenzi vya lugha yake. Vitenzi hivyo, kama itakavyoonekana, havimruhusu msimulizi kukaa kimya juu ya nani alitenda na nani alitendwa.

Katika Unguja majina ya Majestic, Empire na Sultana, ambayo baada ya Mapinduzi ya 1964 iliitwa Cine Afrique, yalijulikana kwa wazee na vijana. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake cha mwaka 2018 kuhusu sinema za Tanzania, ameonyesha jinsi filamu za Kihindi, hasa Awara ya Raj Kapoor ya mwaka 1951, zilivyokuwa sehemu ya mazungumzo ya watu juu ya mapenzi na ndoa. Kulikuwa hata na maonyesho ya wanawake peke yao. Jambo hilo lina uzito wake, kwani kisa cha wanaume wawili na mwanamke mmoja hakisimuliwi kwa namna moja barazani na ukumbini.

Upo mwelekeo wa kudhani kwamba mtazamaji wa pwani alifuata picha na nyimbo tu, asiambulie neno. Dhana hiyo haiitendei haki historia ya lugha. Kihindi cha filamu za miaka hiyo, kile ambacho wataalamu wengi hukiita Kihindustani, kilibeba msamiati mwingi wa asili ya Kiarabu, mwingine ukiwa umepitia Kiajemi. Kiswahili nacho kilichota kutoka kisima hicho hicho. Duniya ni dunia, waqt ni wakati, khabar ni habari, shak ni shaka, imtihan ni mtihani, maut ni mauti, na mohabbat haiko mbali na mahaba. Mtazamaji aliyekaa gizani alikuwa akipata neno hapa na neno pale, na maneno aliyoyapata yalikuwa mara nyingi yale mazito yanayobeba kisa: shaka, mtihani, mauti. Sangam yaweza kufupishwa kwa maneno hayo matatu.

Undugu wa maneno una mitego yake, na mtego mmoja unagusa mada hii moja kwa moja. Neno la Kiarabu sahib lilisafiri kuelekea pande zote mbili za bahari. Lilipofika pwani ya Afrika Mashariki likawa sahibu, rafiki wa dhati, na pembeni yake wakawapo masahaba wa Mtume. Lilipofika India likapanda cheo likawa bwana, mkubwa, mwenye amri. Kwa rafiki, Kihindi cha filamu hutumia zaidi dost, neno la Kiajemi, au yaar, ambalo nalo ni la Kiajemi na ambalo, kulingana na sauti na mahali, laweza kuwa rafiki au hawara. Kiswahili kisicheke. “Rafiki yake” inayotamkwa kwa kuvuta na kukonyeza jicho haimaanishi tena rafiki.

Kisa chenyewe kinahitaji kukumbushwa kwa ufupi, ingawa filamu haina ufupi wowote: inakaribia saa nne. Sundar, anayeigizwa na Raj Kapoor mwenyewe, Gopal, anayeigizwa na Rajendra Kumar, na Radha, anayeigizwa na Vyjayanthimala, wamekua pamoja tangu utotoni. Sundar anampenda Radha kupita kiasi na hana haya ya kulisema hilo. Radha anampenda Gopal. Gopal naye anampenda Radha, lakini akijua moyo wa rafiki yake anajitenga. Wazazi wa Radha hawamtaki Sundar kwa kuwa hana kitu. Anajiunga na jeshi la anga, na kabla ya kuondoka anamwekesha Gopal ahadi kwamba hatamwacha mwanamume yeyote aingie kati yake na Radha. Anatumwa kupeleka mahitaji kwa askari walioko Kashmir, ndege yake inaangushwa, anadhaniwa amekufa. Gopal na Radha wanaanza kusema waliyoyaficha. Kisha Sundar anarudi. Gopal anarudi nyuma, Sundar anamwoa Radha na kumpeleka fungate ya Ulaya, ambako Raj Kapoor alipiga picha Venice, Paris na Uswisi kwa rangi, mara ya kwanza kwa kampuni yake. Wanaporejea nyumbani inagunduliwa barua ya mapenzi aliyoandikiwa Radha, isiyo na jina la mwandishi. Ndoa inageuka mahakama. Radha anakimbilia kwa Gopal. Sundar naye, bila ya kujua kwamba mkewe yuko huko, anakwenda kwa rafiki yake kuomba ushauri. Gopal anakiri kwamba barua ni yake, kisha anajiua kwa bastola ya Sundar.

Watazamaji wa Afrika Mashariki wana kanuni yao isiyoandikwa, kwamba stelingi hafi. Sangam inaivuruga, kwa sababu hadi dakika za mwisho haieleweki stelingi ni yupi.

Vitenzi vya ndoa

Kiswahili humlazimisha msemaji kuchagua anapotaja ndoa. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa, wawili huoana, wazazi huoza, na binti huozwa. Kabla ya hapo mwanamume huposa na mwanamke huposwa. Mambo yakiharibika mwanamume huacha na mwanamke huachwa, isipokuwa wasemaji watake kuwa wapole, ndipo waseme kwamba wameachana. Kiambishi kimoja baada ya mzizi kinatosha kuonyesha mamlaka yako wapi. Kihindi hakifanyi hivyo katika usemi wa kila siku: shadi karna, kufanya ndoa, hutumiwa na mwanamume na mwanamke sawasawa, na neno shadi lenyewe katika Kiajemi ni furaha. Kwa hiyo mazungumzo ya Sangam yanaweza kupita juu ya ndoa ya Sundar na Radha bila kutamka nani aliitenda. Msimulizi wa Kiswahili hana njia hiyo ya kupitia. Akifika hapo atasema ama Radha aliolewa, ama aliozwa.

Na akisema aliozwa, swali linafuata bila kuitwa: aliozwa na nani? Wazazi wake walikuwepo, na ridhaa yao ilihitajika. Lakini aliyeifungua njia ni Gopal. Ni yeye aliyenyamaza wakati wa kusema. Ni yeye aliyemwachia rafiki yake mwanamke ambaye hakuwa binti yake, wala dada yake, wala mali yake. Kitenzi kuoza kwa kawaida humhitaji baba, walii au mlezi awe kiima. Katika filamu hii kiima ni mchumba aliyejiuzulu. Sarufi inakataa sentensi hiyo kabla ya maadili hayajafungua kinywa, na kukataa kwake ni ushahidi mzuri kuliko hukumu nyingi za wahakiki.

Urafiki una vitenzi vya aina nyingine. Marafiki hupendana, huaminiana, husitiriana, husaidiana. Zamani, waliotaka kuufanya urafiki wao kuwa udugu walichanjiana. Kiambishi -an- kinatawala uwanja mzima, na maana yake ni kwamba kila mmoja ni mtenda na mtendwa kwa wakati mmoja. Hili ndilo linaloufanya urafiki wa Sundar na Gopal upendeze machoni. Wanacheka pamoja, wanalia pamoja, kila mmoja yuko tayari kufa kwa ajili ya mwenziwe. Kati ya Sundar na Radha kitenzi cha aina hiyo ni vigumu kukipata. Sundar anapenda, Radha anapendwa. Hata katika siku za fungate, wakati filamu inajitahidi kuonyesha raha, mtazamaji makini huona kwamba Radha anajifunza kupenda, kama mtu anavyojifunza lugha ya ugenini: kwa bidii na kwa heshima, naye akipatia zaidi kadiri siku zinavyokwenda.

Hapa neno mwenzi linastahili kusimamiwa kidogo. Kwa Kiswahili, mwenzangu aweza kuwa rafiki, mfanyakazi niliye naye, au mke; mwenzi wa ndoa ni msemo wa kawaida; na mke aliyeolewa na mume huyo huyo ni mke mwenza. Mzizi mmoja umebeba urafiki, ndoa na uke wenza. Msimulizi anayesema “Sundar alimwonea wivu mwenziwe” hajasema bado ni yupi. Utata huo kwa kawaida huhesabiwa kuwa upungufu, lakini kwa Sangam ni wasaa. Unaruhusu kuulizwa jambo ambalo filamu inalizunguka bila kulitamka: kwamba katika nyumba ya Sundar wenzi ni wawili, Gopal na Radha, na kwamba mke ameingia katika nyumba ambayo nafasi ya mwandani ilikwisha kujazwa. Mwandani, kama neno lenyewe linavyosema, ni mtu wa ndani. Siri za Sundar zinakwenda kwa Gopal. Hata siku anayomshuku mkewe, mguu wake unampeleka kwa Gopal.

Ahadi na barua

Katika mihadhara yake iliyochapishwa mwaka 1962, mwanafalsafa J. L. Austin alieleza kwamba kusema ni kutenda. Anayesema “naahidi” hatoi habari juu ya ahadi, anaitenda. Lakini tendo hilo lina masharti yake, na sharti mojawapo ni kwamba mtu huahidi yaliyo katika uwezo wake. Gopal anaahidi kwamba hakuna mwanamume atakayeingia kati ya Sundar na Radha. Kasoro ya ahadi hii ni maradufu. Kwanza, mwanamume anayezungumziwa ni yeye mwenyewe, na anayeahidiwa halijui hilo. Pili, kitu kinachoahidiwa ni moyo wa mtu wa tatu ambaye hakuitwa kwenye mazungumzo. Methali isemayo “Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki” ingempitisha Gopal bila pingamizi. Alifaa, na katika dhiki. Alichofaa nacho ndicho kinachohitaji kukaguliwa. Mwenye kutoa sadaka hutoa katika mali yake. Gopal alitoa yake, yaani mapenzi yake, na juu yake akatoa ya Radha, kisha sifa zote za ukarimu zikaandikwa kwa jina lake.

Hoja hii haikusudii kumfanya Gopal mwovu. Rajendra Kumar anamwigiza kwa utulivu unaouma, na mtazamaji anayetoka bila huruma kwake amelala katikati ya filamu. Kinachopingwa ni usomaji uliozoeleka, ule unaoichukua Sangam kuwa sifa za urafiki wa kiume uliokamilika, ambao mwanamke ni mtihani wake tu. Usomaji huo umeenea, na filamu yenyewe inaushawishi. Wimbo mkubwa wa Sundar kwenye piano unalalamikia usaliti wa rafiki kwanza na wa mpenzi baadaye. Mpangilio huo una maana yake.

Barua isiyo na sahihi inaonyesha jambo hilo kwa upande mwingine. Kila barua ina mwandishi, mwandikiwa na maneno yaliyomo. Sundar anashikwa na la kwanza tu. Anataka jina. Anamwuliza Radha, anamwinda kwa maswali, anashika bastola. Hamwulizi mwandikiwa alihisi nini alipoisoma, wala kwa nini hakuichana. Radha naye amefungwa pande zote: akitaja jina anaua urafiki, na pengine mtu, asipolitaja anaendelea kuwa mshtakiwa nyumbani mwake. Ukimya wake unasomwa na mumewe kama hatia. Mwanaisimu angesema kwamba ukimya ni usemi unaotegemea msikilizaji, na hapa msikilizaji alikwisha kuhukumu.

Sauti ya Radha

Majina yenyewe yalikwisha kusema mapema. Gopal ni jina mojawapo la Krishna, na katika mapokeo ya Kihindu Radha ndiye mpenzi wa Krishna. Mtazamaji aliyelelewa katika mapokeo hayo alijua tangu mwanzo nani ni wa nani. Mtazamaji Mswahili asiyeyajua alikosa dokezo hilo, na pengine akakosa pia kinaya kikubwa kilichomo katika wimbo maarufu kuliko yote wa filamu, ule ambao Sundar yuko juu ya mti na nguo za Radha huku Radha akiwa majini. Tukio hilo linaiga kisa cha Krishna na nguo za wasichana wa wachunga ng’ombe. Sundar amejitwalia nafasi ya Gopal hata katika ngano.

Wimbo huo ni amri. Mwanamume anamwamuru mwanamke aseme kama makutano yatakuwapo au la. Radha anakataa. Swali linarudiwa. Anakataa tena. Linarudiwa mpaka anakubali kwa kuchoshwa, na kukubali huko kunapokelewa kwa shangwe. Kwa wapenzi wa nyimbo huu ni mchezo wa kuchekesha, na kweli unachekesha. Kwa mchunguzi wa mazungumzo, hapa pana swali ambalo jibu lake moja tu linahesabiwa kuwa jibu.

Mara nyingine Radha anaposema kwa sauti ni Paris, hotelini. Sundar anatamani kwenda kutazama wachezaji wa usiku bila yeye. Radha anajivika kama wachezaji hao na kumchezea mumewe, huku akilalamika kwa wimbo kwamba bahati yake imempa mzee. Ni dhihaka, na mume anacheka. Lakini ni mahali pa pekee katika ndoa hiyo ambapo mke anataja waziwazi kwamba hakupata alichotaka, na analitaja kwa ruhusa ya utani. Mswahili hahitaji kufundishwa njia hiyo. Jina la kanga huvaliwa likasomwa na anayehusika bila mvaaji kufungua mdomo. Mipasho ya taarabu humwezesha mwanamke kutunza mwimbaji kwa ubeti unaosema yale asiyoweza kuyasema mezani, na akiulizwa atajibu kwamba ni wimbo tu. Na kwa kuwa taarabu ya Mombasa, hasa ile ya Juma Bhalo, ilichukua mahadhi mengi ya Kihindi, si ajabu kwamba sikio la pwani lilikuwa tayari kusikia malalamiko ndani ya furaha ya muziki. Wanawake waliokuwa wakitazama filamu za namna hii peke yao, bila waume zao kuwapo, walikuwa na nafasi nzuri zaidi kuliko wahakiki wengi ya kukisikia kilio kilicho ndani ya kicheko.

Baadaye utani hautoshi. Radha anamwomba Gopal kwa siri akae mbali na nyumba yao, kwa kuwa kuwapo kwake kunamtesa. Ni ombi la kiasi na la haki, lililo mbali kabisa na uzinzi. Ni mara ya kwanza kwa mtu kuomba kwamba ndoa hii ipewe nafasi ya kuwa ndoa. Hapa Radha ni kiima cha kitenzi chake mwenyewe: anaomba, anakataza, anachagua mume aliyempata juu ya mpenzi aliyemkosa. Filamu ingeweza kuishia katika njia hiyo, na urafiki wa wanaume ungepungua kidogo ili ndoa ipumue. Badala yake Gopal anajiua. Hata katika hilo rafiki anaamua kwa niaba ya watatu.

Sangam ni makutano ya mito. Makutano mashuhuri kuliko yote nchini India yako Allahabad, mji ulioitwa Prayagraj kuanzia 2018, ambako Ganga na Yamuna hukutana, na ambako waumini huamini kwamba mto wa tatu, Saraswati, hujiunga kwa chini bila kuonekana. Wahakiki wengi wamemwona Gopal kuwa ndiye Saraswati, kwa kuwa anatoweka ili wawili wabaki. Usomaji huo una nguvu, na yawezekana ndio uliokusudiwa. Hata hivyo Gopal anaonekana sana. Kujitoa kwake kunaonekana, kifo chake kinaonekana, sifa zake zinatamkwa. Kinachopita chini kwa karibu saa nne ni hiari ya Radha.

Mfasiri atakayeketi leo kuitia Sangam maneno ya Kiswahili, iwe kwa maandishi chini ya picha au kwa sauti kama wafanyavyo wasimulizi katika mabanda ya video, atafika kwenye dakika ya mwisho na mume na mke waliosimama juu ya maiti ya rafiki. Atahitaji kitenzi kimoja. Walirudiana ndicho kitakachomjia kwanza, kwa sababu ya -an- yake inayofariji. Alirudishwa nacho kipo, na kinasema jambo jingine. Akitaka kuwa mwaminifu kwa wahusika wote watatu, pengine atasema tu kwamba walibaki.